Simba Aliyeitwa Mkamwana

Watoto wa Idodi walimpa jina la Bwana Mavi, na Anyitike Mwambene hakukasirika hata chembe. Jina lenyewe alilifanyia kazi. Mtu mzima, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe, anachuchumaa porini na kijiti mkononi akipekua kinyesi cha simba. Ulitaka watoto wamwite nani? Wala hakuwafukuza. Aliwaita waje waone. "Haya manyoya ni ya mnyama gani?" anawauliza. Wakikosea anawacheka, wakipatia anawasifu, kisha anawaeleza kwa sauti ya mwalimu mkuu kwamba huyu simba wiki hii kala pofu, yule swala mkubwa, na hajagusa ng'ombe wa mtu.

Alikuwa mtu wa kujisifu kidogo, tusimfiche. Lakini alikuwa na cha kujisifia. Kwao ni Iyunga, nje ya mji wa Mbeya, ambako baba yake alihamia kutoka upande wa Tukuyu akalima mahindi na njegere. Kwenye njegere hizo ndiko Anyitike alikomwona mondo kwa mara ya kwanza, yule paka wa porini mwenye madoa na miguu mirefu. Baba alimtuma akamfukuze kwa sababu anamaliza kuku. Kijana akakaa chini akamtazama. Mondo akaruka juu, akatua na panya mdomoni. Akaruka tena, panya mwingine. Anyitike alirudi nyumbani akamwambia baba yake kwamba yule paka analinda shamba bure bila kudai chakula. Alichapwa kwa ubishi, na hakubadili maneno yake, kwa kuwa alichokiona alikiona.

Alisoma Malangali, akaenda Mpwapwa kusomea mifugo. Wenzake walitamani kazi za majosho na chanjo. Yeye kichwani mwake kulikuwa na simba, chui, duma na mondo wake. Idara ya wanyama ilipotafuta mtu wa kukaa kando ya pori la akiba na kujua simba wanaishije, alikwenda Iringa kwa lori, akasimama mbele ya Bwana Nyama, mkuu wa idara hiyo, Mzungu mmoja mrefu aliyeitwa Bwana Edmund, na kumwambia kuwa mtu anayemtafuta ameshafika. Wapigaji wa simba walikuwa wengi, alisema, lakini wa kuwauliza simba maswali hakumwona hata mmoja. Bwana Edmund alicheka, akampa kazi. Hiyo ilikuwa mwaka 1953, na Anyitike akahamia Idodi na mkewe Tupokigwe, binti yao Lusia, na machipukizi ya migomba ambayo Tupokigwe aliapa yatakubali udongo wa Wahehe. Hayakukubali, na majirani walilitania jambo hilo kila walipopata nafasi.

Miaka mitano aliwafuata simba wa bonde lile. Aliwajua kwa nyayo, kwa ngurumo, kwa tabia. Mkubwa wao alikuwa jike lisilo na kishungi cha mkia, na huyo alimpa jina la Mkamwana. Kwa Wanyakyusa, mke wa kijana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani anapinda majanini, anainamisha kichwa mpaka mzee apite. Basi jike lile nalo, kila lilipomwona Anyitike kwenye njia ya wanyama, liliiacha njia bila haraka, likaingia nyasini na kugeuza uso. "Amelelewa vizuri kuliko wewe," alimwambia mkewe, na Tupokigwe akamjibu kwamba akaoe huyo basi, waone nani atampikia ugali. Alimpenda simba yule. Hakulisema idarani, lakini nyumbani hakulificha.

Mwaka wa sita mambo yakaharibika. Simba walianza kuchukua ng'ombe wa Idodi, tena mfululizo. Aliyeumia zaidi alikuwa Jumbe Bartholomeo Kalinga, mkuu wa kijiji, mwenye ng'ombe wengi na nyumba mpya ya matofali yenye bati linalong'aa mpaka ng'ambo ya mto. Jumbe alituma watu Iringa, na Bwana Edmund akaja na gari lake, akasimama barazani mbele ya wanaume wote. Hakuwa mtu wa kuzunguka maneno.

"Sheria ni hii," alisema kwa Kiswahili chake cha ofisini. "Ng'ombe akiuawa tena, na mwenye ng'ombe akija mbele yangu kulalamika, huyo simba mwenye mkia mbovu atapigwa, na wenzake. Mwambene, utapiga wewe. Wewe ndiye unayemjua."

Anyitike aliitikia kwa saluti. Lakini alikuwa na hakika ya jambo moja. Kulikuwa na sababu, na yeye angeijua kabla ng'ombe mwingine hajaliwa.

Na aliijua kweli. Alizunguka mazizi yote ya kijiji akisoma nyayo, na kila mahali zilimweleza habari ileile. Simba hawakuingia zizini hata mara moja. Mkamwana alikuwa akipita upande unakotoka upepo, anajionyesha nje ya ua wa miiba, basi. Ng'ombe wanamnusa, wanamwona kupitia matundu ya miiba, wanapagawa, wanauvunja ua wenyewe upande wa pili na kutoka mbio. Huko upande wa pili wenzake Mkamwana wamelala wanasubiri. Anyitike aliwavulia kofia.

Halafu akafika kwa Bibi Severina.

Severina alikuwa mjane aliyeanza kuzeeka, Mkatoliki asiyekosa misa, mwenye ulimi mkali na ng'ombe wachache wa marehemu mumewe. Nyumba yake ilikuwa tembe, ya mwisho iliyobaki upande ule: vyumba virefu vya udongo vinavyozunguka ua wa mraba, paa bapa la udongo, mlango mmoja wa magogo. Ng'ombe wake walilala humo humo, ukuta mmoja na yeye. Zamani Idodi nzima ililala hivyo. Kisha wakaja mabwana afya na mafundisho ya usafi, kwamba mtu mstaarabu halali na mifugo, na watu wakasikiliza. Tembe zikabomolewa, zikajengwa nyumba za matofali kama ya Jumbe, na ng'ombe wakatolewa nje kwenye mazizi ya miiba. Ustaarabu uliwapendeza wote, na simba nao haukuwachukiza.

Nje ya tembe ya Severina Anyitike aliona nyayo za Mkamwana. Zilikuja, zikazunguka ukuta, zikaondoka zao. Ng'ombe wa ndani hawakumwona, hata wangemwona wasingekuwa na ua wa kuvunja. Anyitike alicheka peke yake. Huko Tukuyu babu zake walilala na ng'ombe nyumba moja, na yeye Malangali alikuwa akiona aibu kulisema.

"Kamwene, bibi," alimsalimia Kihehe mlangoni. "Nyumba yako hii ndiyo shule ya kijiji kizima."

"Shule?" Severina alikuwa anafagia ua, hakuinua uso. "Nenda ukawaulize wanaiitaje, mwanangu. Wanasema ni nyumba ya mwenye simba."

Ndipo Anyitike alipoelewa kwa nini watoto hawakumfuata mpaka hapo. Upande wa Iringa watu waliamini kwamba wapo simba wa pori na wapo simba wa mtu, wanaotumwa na mwenyewe kumaliza mali ya adui. Ng'ombe wa kila mtu waliliwa, wa Severina hawakuguswa. Watu walijumlisha, na jumla waliyopata ilikuwa Severina. Binti wa jirani aliyekuwa akimchotea maji alikuwa ameacha kuja. Kanisani walimwachia benchi zima peke yake.

Anyitike aliitisha baraza. Alisimama katikati akaeleza habari ya upepo, ya matundu ya miiba, ya nyayo, akachora hata ramani ardhini kwa fimbo. Alieleza vizuri sana, hata mwenyewe aliona. Alipomaliza Jumbe Kalinga alimpigia makofi ya adabu.

"Bwana Anyitike, umesoma, hakuna anayebisha," Jumbe alisema. "Lakini sisi tumezaliwa hapa. Simba haumi mali ya mwenyewe. Yule mama aondoke kabla ya mvua kuanza. Tumeshakubaliana. Akikaa, mimi simo katika watakachofanya vijana na moto."

"Aende wapi? Hana mtoto, hana ndugu."

"Aende na simba zake."

Watu wengine waliangalia chini. Anyitike alikasirika kweli kweli, akaichomeka fimbo katikati ya ramani yake.

Sauti iliyofuata ilitoka nyuma, kwa wanawake. Bibi Severina alikuwa amekuja bila kuitwa, kitenge cha misa mabegani na rozari mkononi.

"Jumbe," alisema, "unasema simba haumi mali ya mwenyewe. Sawa. Chukua ng'ombe zangu, zilale kwenye zizi lako la miiba. Ng'ombe zako zilete kwangu, zilale kwenye nyumba ya mchawi. Tuone simba atakula za nani."

Baraza zima lilinong'ona. Jumbe Kalinga alijikuna shingo. Kukataa kungekuwa aibu, na zaidi ya hapo alikuwa na hakika. "Simba wakila za kwako," alisema mbele ya wote, "mimi mwenyewe nitasimama kanisani Jumapili niseme tulikukosea. Wasipokula, uhame."

"Andika kichwani mwako hivyo hivyo," Severina alisema, akajifunga kitenge na kuondoka.

Anyitike alibaki amesimama juu ya ramani yake ya vumbi. Alijua kitakachotokea kwa hakika ileile aliyojulia kuwa jua litazama. Ng'ombe wa Severina hawajawahi kulala kwenye miiba. Mkamwana akijionyesha, watavunja ua kwa kishindo. Bibi atabaki kwake kwa heshima. Na Bwana Edmund atakuja, na yeye Anyitike atapewa bunduki ampige Mkamwana kwa mkono wake. Angeweza kulizuia. Neno moja tu kwa Jumbe, kwamba idara hairuhusu majaribio ya namna hiyo, na Jumbe angelipokea kwa shukrani. Simba angepona, mjane angefukuzwa.

Nyumbani alimwambia Tupokigwe yote. Tupokigwe alikuwa anapepeta maharage, akaendelea kupepeta.

"Baba Lusia, unaniuliza mimi au unajiuliza mwenyewe?"

"Miaka mitano, mama Lusia. Hakuna mtu Tanganyika nzima anayemjua simba mmoja namna ile."

"Najua. Nimekula naye mezani miaka mitano." Aliweka ungo chini. "Na yule bibi ndiye aliyeniletea uji Lusia alipougua, wakati wengine wananicheka migomba yangu. Sasa sema mwenyewe nani anakaa, nani anaondoka."

Anyitike aliuokota ungo akamrudishia. Asubuhi alikwenda kwa Jumbe na kumsaidia kuhamisha ng'ombe. Alimswaga kwa mkono wake ng'ombe jike wa maziwa wa Severina, mwekundu mwenye paji jeupe, aliyeitwa Sikujua, akamwingiza kwenye miiba na kufunga mlango. Ng'ombe wa Jumbe, wanene na wakaidi, waliingia tembeni kwa kusukumana, na Severina aliwapangia nafasi akiwagombeza kama wageni waliochelewa chakula. Anyitike alipotoka hapo alikwenda mtoni kuosha uso. Alilia kidogo, na tusimcheke kwa hilo.

Siku zilipita kimya, na watu wakaanza kumtazama Jumbe kwa macho ya kumpongeza. Kisha asubuhi moja mke wa Jumbe alitoka na ndoo yake akakuta ua umelala chini upande wa magharibi. Anyitike alipofika, kijiji kizima kilikuwa pale. Nyayo zilikuwa zilezile: Mkamwana upande wa upepo, wenzake ng'ambo. Ng'ombe wa Severina walikuwa wametawanyika mpaka barabarani, na Sikujua alikuwa amelala vichakani, sehemu kubwa yake imeshaliwa.

Bibi Severina alikuja, akapiga magoti kando ya kichwa cha ng'ombe wake, akafuta vumbi kwenye lile paji jeupe. Alilia kwa sauti bila kujali nani anamtazama. Alikuwa amemlea Sikujua tangu ndama, mama wa ndama alipokufa, kwa kumnyonyesha maziwa ya kibuyu. Hakuna mtu Idodi aliyemwona akilia hivyo hata mumewe alipozikwa. Jumbe Kalinga alivua kofia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosea mbele ya watu na hana pa kujificha, na alisema papo hapo, hakungoja Jumapili: "Mama Severina, tumekukosea."

Habari zilifika Iringa, na gari la Bwana Edmund likaja limejaa bunduki. Alisikiliza, akalitazama zizi, akamgeukia Anyitike na kumkabidhi bunduki nzito ya simba.

"Pole, Mwambene. Nilisema, na maneno yangu ni yale."

"Ndiyo, bwana," Anyitike alisema. Alikagua risasi. Alikwishakata shauri siku ile ya kuhamisha ng'ombe, na yeye hakuwa mtu wa kurudi nyuma kwa neno lake.

"Mwenye ng'ombe yuko wapi?" aliuliza Bwana Edmund. "Aje atoe malalamiko yake, tuandike, tuondoke."

Jumbe Kalinga akasogea. "Zizi ni langu, bwana."

"Ng'ombe alikuwa wako?"

Jumbe alirudi nyuma hatua moja. Ng'ombe wake wote walikuwa wazima, wamelala kwa amani usiku ule nyuma ya ukuta wa udongo. Watu walicheka chinichini.

"Ng'ombe ilikuwa yangu," Severina alisema, akapita mbele. Alikuwa amevaa kitenge kile cha misa.

"Pole sana, mama. Unalalamika juu ya simba huyu?"

"Hapana."

Bwana Edmund alidhani hakusikia vizuri. Akarudia swali, polepole.

"Nimekuelewa tangu mwanzo, bwana," Severina alisema. "Hawa watu walisema mimi ni mchawi. Padri alinitetea, hawakusikia. Huyu kijana alichora hata ramani chini kwa fimbo, hawakusikia. Simba ndiye aliyekuja akasema mbele yao wote kwamba mimi sina simba. Ni shahidi wangu huyo. Nimempa ng'ombe yangu ya maziwa aje kusema. Leo mnataka nimpeleke shahidi wangu akapigwe risasi?"

Bwana Edmund alimtazama Jumbe, kisha akaufunga mkoba wake wa karatasi.

"Hakuna mlalamikaji," alisema. "Mwambene, rudisha bunduki garini."

Anyitike aliirudisha. Gari lilipoondoka alimfuata Severina ili amshukuru.

"Usinishukuru," Severina alimwambia, akitembea. "Ulidhani sijui? Mkeo alikuja kunieleza siku ileile mliyohamisha ng'ombe. Aliniambia simba yule kwako ni kama mtoto, na kwamba umekubali kumpoteza ili mimi nikae kwangu. Nikasema basi, huyu Mnyakyusa na mimi tutaona nani ana moyo mgumu zaidi."

Jumapili Jumbe alisimama kanisani kama alivyoahidi, na Jumatatu alianza kukanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, suruali imekunjwa magotini, ajenge ukuta wa zizi. Severina alisimama pembeni akimwambia kwamba ameweka maji mengi, na Jumbe akapunguza maji. Wengine walifuata. Anyitike alizunguka kila ukuta akitoa maelekezo ambayo mafundi waliyajua kuliko yeye, na walimwacha atoe. Ng'ombe waliliwa mmoja mmoja kwa wakaidi waliochelewa kujenga, kisha hawakuliwa tena, na kijiti chake kikaanza kutoa manyoya ya pofu na nyati. Jumbe alimpelekea Severina mtamba mwekundu. Bibi alimpokea, akalalamika kwamba hana paji jeupe, akampa jina la Shahidi.

Kiangazi kilichofuata Anyitike alikuwa akishuka njia ya mtoni na Severina, aliyekwenda kuchimba udongo wa kuziba paa. Mbele yao Mkamwana alitokea, na watoto nyuma yake wakichezea mkia wake usio na kishungi. Alisimama akawatazama wote wawili. Kisha akaiacha njia, akapinda majanini na watoto wake, akageuza uso.

"Mbona hukuniambia amelelewa vizuri hivi," Severina alisema, akaweka sururu begani na kuendelea na safari.